Somo wa Chura

Jumatatu, 6 Aprili
Mafua. Jana nimeshinda kijitoni, juu ya shamba la marehemu baba, narekodi milio ya vyura wa mtini. Viatu bado vimelowa. Makala imeshatumwa kwa jarida: spishi mpya, Leptopelis mbwanai. Mbwana ni baba. Kijito kile alinionyesha yeye. Nina furaha hadi naogopa.

Jumanne, 7 Aprili
Mama kajua. Kaka Shabani kamwambia, mdomo wake huyo! Mama kaweka ungo chini. "Jina la marehemu umempa chura? Tena chura aliyelowekwa kwenye chupa ya pombe?" Nikasema ni spiriti ya kuhifadhia. "Pombe hiyo." Nikaeleza kuwa ni heshima, jina litakaa vitabuni. Kaokota ungo, kaendelea kupepeta. Nimekasirika. Baba alikuwa wangu pia.

Ijumaa, 10 Aprili
Wifi kajifungua jana. Wa kiume. Tangu mimba tulijua ataitwa Mbwana. Leo mama kakataa katakata: mjukuu wake hawi somo wa chura. Shabani kanivuta pembeni, kaniomba niwaandikie jarida wabadilishe. Bado inawezekana. Nimemwambia nitafikiria. Uongo. Sitaki.

Jumapili, 12 Aprili
Sijaandika. Wifi ananyonyesha, haniangalii. Chai nimekunywa peke yangu. Kina Mbwana wamejaa Kibiti nzima, wanazaliwa na kufa. Jina la Kilatini halifi. Mbona hawaelewi?

Jumatano, 15 Aprili
Akika. Mbuzi, pilau, jirani wote. Shehe kauliza jina. Shabani kanitazama mimi kwanza. Nikainamia sahani.
"Hamisi," kasema.
Watu wakaitikia dua. Sauti ya mama sikuisikia.

Jumamosi, 18 Aprili
Barua pepe ya dokta anayenisimamia. Mhakiki mmoja wa makala yetu kafungua chupa ya zamani kwenye makumbusho huko Ulaya. Chura wetu yumo. Mjerumani mmoja alishampa jina enzi za ukoloni, ila aliandika kuwa katoka mahali pengine kabisa, ndiyo maana hakuna aliyemtafuta huku. Nimelinganisha picha mara mbili, tatu. Miguu, mdomo, mistari ya mgongoni. Ni yeye. Na sheria ya majina ni moja: la kwanza ndilo. Letu limekufa kabla ya kuchapwa.
Jina la Mjerumani maana yake "mwenye madoa". Basi. Madoa!
Nimelia chooni, bomba nimelifungulia. Jina la baba halina chura, halina mtoto. Na ningeandika ile Ijumaa, mtoto angekuwa nalo.

Jumatatu, 20 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Sijamwambia mtu bado. Mama anamwogesha Hamisi kwenye beseni, barazani. Mtoto analia.
"Tulia, mume wangu. Tulia."
Utani wa kila bibi kwa mjukuu wa kiume. Ila mama hakucheka.
Nimempelekea maji ya moto. Kasogea kidogo, nikachutama, nikamshikia mtoto kichwa.