Kome wa Ghuba Iliyofungwa

Loch Sunadale, 3 Juni 2023

Dada Mairead,

Hatujambo, ila Baba kikohozi hakijamwacha. Wewe na baridi ya hapo bohari ya samaki, waendeleaje?

Simu zangu hupokei, basi naandika. Jumatano lori letu la kome litapita hapo kwenda Ufaransa. Najua ghuba yetu imefungwa tusivune, kwa sababu ya sumu ya mwani inayoingia kwenye kome, lakini maji ni maangavu, kome wamenona. Tumeandika wametoka ng'ambo, shambani kwa jirani Torquil, ambako kuvuna kumeruhusiwa. Daktari wa mifugo anayekagua shehena hapo ni wewe. Bila cheti chako cha afya Wafaransa hawapokei hata ganda, na shamba halitavumilia msimu mwingine wa kutupa. Ni sahihi tu, dada.

Mdogo wako,
Ruaridh

8 Juni

Mdogo wangu,

Mpe Baba pole ya kifua.

Lori nimelirudisha. Sumu hiyo haionekani, hainuki, na kuchemsha hakuiondoi. Nikisaini, ninamwambia mtu nisiyemjua: kula, ulale salama. Siwezi. Wafukieni hao kome. Na ninyi msile hata mmoja.

Dada yako,
Mairead

12 Juni

Dada,

Salamu zimefika, na lori pia. Baba kasema, "Huyu nilimsomesha kwa kome hawahawa, leo ananiita muuza sumu." Keshokutwa anaalika majirani. Atachemsha sufuria nzima, ale mbele yao. Nilimsomea uliyoandika, akacheka. Umepata heshima huko. Hapa jina lako halitajwi. Usijisumbue kujibu.

Ruaridh

15 Juni

Ruaridh,

Barua yako nimeipata sasa hivi. Napiga simu, hakuna anayeshika. Midomo ikianza kufa ganzi, msingoje, mpelekeni hospitali. Nipigie.

Dada yako

9 Julai

Dada Mairead,

Natumaini ulirudi salama. Kaburini sikuweza kukutazama, na wewe ukadhani ni chuki.

Majirani hawakuja. Baba akala peke yake. Saa moja haikupita akasema ulimi haumtii, kisha pumzi ikaanza kumkatika. Gari la wagonjwa lilimkuta amekwisha kukata roho.

Watu wananipa pole, wanasema Mungu aliniepusha. Si Mungu. Barua yako niliiamini tangu siku ya kwanza. Nilikaa naye mezani, ameniwekea sahani, akaniuliza mbona sili. Nikamwambia nimeshiba.

Mdogo wako,
Ruaridh