Baba Yetu Kinywani mwa Sandro

Dada Wakesho,

Hujambo huko? Na mama je, lile goti linamruhusu kushuka shambani, au bado anachechemea huku akidai haliumi? Mimi mwili ni mzima. Uliponiuliza kwenye simu mbona sauti yangu imenyong'onyea, nilikwambia ni mafua, kwa kuwa watu walikuwa foleni nyuma yangu wakisubiri kupiga. Si mafua. Keti nikueleze.

Unamkumbuka Sandro, yule Mwitaliano mkuu wa chumba cha mikate hapa hotelini? Kwao alikuwa na bendi ya roki. Tukikanda unga alituwekea kanda za muziki wa huko: magitaa yanapiga kelele kama mabati yanayokokotwa juu ya mawe, na mtu wa mbele haimbi kabisa. Anasema tu, kama anayemshitaki jirani barazani kwa chifu. Mara ya kwanza nilicheka.

"Huyu kashindwa kuimba?"

"Hapana," akasema Sandro. "Hilo ni shairi. Akiliimba utasikia sauti yake. Akilisema utasikia maneno."

Nikamwambia hata kwetu watu hughani. Urafiki wetu ulianzia hapo. Aliniita dada, nami nikaitika.

Baba alipofariki, unajua nilivyonyimwa ruhusa ya kuja kuzika. Nilijifungia stoo ya unga. Sandro akanifuata, akaketi juu ya gunia. Ndipo nikamuaga baba mle mle, kwa sauti, kwa Kiswahili. Nilisema jinsi koo lilivyomnyima hata neno moja, na jinsi ulivyokuwa ukimshikia simu, naye akinigongea kikombe kwa kijiko nijue yupo. "Gonga, baba, nakuja." Nilirudia hayo mpaka pumzi ikaniishia. Sandro akaniomba nimweleze maana yake kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza. Nikamweleza. Alilia pamoja nami. Dada, mimi sikuwa na mazishi mengine ila hayo.

Sasa juzijuzi wenzake wa bendi walikuja kumtembelea. Ijumaa alasiri tukaenda nao ufukweni Qantab, wafanyakazi wa hoteli na Waitaliano wanaoishi hapa. Nilivaa lile gauni la kitenge ulilonishonea. Wakaunganisha vyombo kwenye jenereta, magitaa yakanguruma, kisha yakanyamaza yote kwa ghafla. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe.

Nilidhani ni masikio yangu. Sandro, macho kafumba, akaanza kusema kwa Kitaliano, polepole. Sikuelewa kitu mpaka alipofika mahali akatamka kwa Kiswahili, "Gonga, baba, nakuja."

Rosanna, Mwitaliano mwenzao anayefanya kazi mapokezi, alikuwa kando yangu akifuta machozi. Nikamuuliza anasema nini.

"Ni habari za baba yake. Alipoteza sauti kabla ya kufa, akawa anamwita mwanawe kwa kijiko."

"Baba yake nani?"

"Baba yake Sandro. Masikini, hakuwahi kutuambia."

"Si ndiye yule mzee aliyekuja kumtembelea mwaka huu? Aliyekuwa akicheka mpaka vyombo vinatikisika?"

Rosanna akanitazama. "Labda yule ni baba wa kambo," akasema.

Kesho yake nikamkabili Sandro jikoni. Hata hakushtuka. Alisema kila mtu ana baba, na shairi likishasemwa ni la wote.

"Basi mbona hukumtumia wa kwako?"

"Wa kwangu yu hai, Mghoi."

"Wangu ndiye aliyekufa. Hakufa ili wewe upate cha kusema."

Nikamwomba jambo moja tu: awaambie watu wale wale ni baba wa nani. Akasema watamwona mwongo, na tayari sidii zenye shairi hilo zimeshatolewa kwao. Akanishika bega. Nikautoa mkono wake.

Mkataba wake ulikuwa umekwisha, na hotelini wakamfanyia sherehe ya kumuaga. Mbele ya wote akanipa sidii, ameandika juu yake kwamba mimi ni dada yake. Nikamrudishia. Nikasema, "Mzee aliyekuwa akigonga kikombe anaitwa Mwakio, fundi wa reli, wa Taita. Ni baba yangu. Baba yake Sandro ni mzima."

Sandro aliangalia viatu vyake. Meneja aliniita baadaye, akasema nimeitia hoteli aibu, na sasa nimehamishiwa dobi, kwenye mvuke. Rosanna hanisalimii. Anaona nimemvunjia mtu heshima siku ya kuondoka kwake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba lile shairi ni zuri. Walimlilia baba yetu kwa haki, wakampa pole mtu mwingine.

Likizo yangu ya Desemba imekubaliwa. Nilitaka kufika kaburini niyaseme yale maneno yangu, lakini nikijaribu kuyatamka hapa chumbani, nasikia ulimi wa Sandro. Nimebaki sina langu la kumwambia baba.

Msalimie mama, mwambie tu nimebadilishiwa kazi. Mjomba Mwadime mwambie miwani yake nimeshampatia. Shemeji na wanao wote wabusu kwa niaba yangu, na mama mchungaji aliyesimama nanyi siku ya mazishi mpe shukrani zangu.

Na wewe, Wakesho, hujawahi kuniambia ulimwambia nini baba siku ile mlipomfukia. Usiniandikie. Nikija tutakwenda wawili tu, uniambie hapo hapo.

Mdogo wako anayekupenda,
Mghoi