Fomu ya Voliboli ya Njoki

Timau, Jumapili

Kwako Baba,

Baridi ya Julai imekufanyaje huko Kerugoya? Kifua kimetulia, au bado unakohoa na kukataa dawa? Mimi ni mzima, ila nimechoka. Siku hizi tunasimama tangu alfajiri tukipanga waridi, na nikivua gambuti jioni vidole vya miguu sivihisi.

Nimeandika kwa sababu jambo hili nikilisema kwa mdomo nitalia. Mama ameniambia kuwa mdogo wangu Njoki amechaguliwa kuichezea shule voliboli, na fomu inangoja sahihi yako hadi Ijumaa. Nawe umesema, "Mpira itaharibu huyu msichana kichwa." Maneno hayo nayajua. Uliniambia mimi nikiwa kidato cha tatu kama yeye, ukanitoa kwenye timu.

Sasa nikuambie ambalo hukuliona. Kila jioni nilikaa na vitabu, ukapita ukafurahi. Kumbe ukurasa mmoja niliusoma wiki nzima, masikio yakiwa uwanjani. Alama hazikupanda, Baba, ulizisoma mwenyewe. Ukasema mimi ni mvivu.

Hapa shambani tuna timu ya wafanyakazi, na mimi ndiye ninayewainulia wenzangu mpira ili wapige. Ni kazi ya kuamua upesi. Mpira ukiwa bado hewani, lazima nijue nani yuko tayari na nani amechoka. Tangu nianze, jicho langu limekuwa jepesi hata kwenye meza ya maua. Naona shina lililopinda kabla sijalishika. Msimamizi wetu, mama asiyemsifu mtu, amenihamishia meza ya ukaguzi.

Lakini sitakudanganya. Mwezi jana tulishindwa na shamba jirani, na pointi ya mwisho niliiharibu mimi. Kesho yake akili ilibaki kwenye mpira ule. Nikafunga waridi fupi na ndefu pamoja, ndoo tatu nzima. Msimamizi akanijia juu.

"Wawira, kwani macho yako iko wapi? Ati hii ndio tupeleke ng'ambo?"

Nilizifungua zote nikaanza upya, huku nalia. Baada ya siku mbili nikawa sawa. Kwa hiyo kuna ukweli kidogo katika maneno yako, na Njoki naye atakuwa na wiki za namna hiyo. Atashindwa mechi, atafanya vibaya jaribio la hesabu, nawe utataka kumwambia ulishamwonya. Nakuomba siku hiyo umwache ale, alale.

Msalimie nyanya yetu, Cucu, mwambie shuka aliyonipa naivaa hata kazini. Msalimie mjomba Mwai fundi, na kaka yangu Muriithi, asiache kukamua kwa wakati. Mama nitaongea naye.

Nasikia huwa unamuuliza Mama kwa nini nikipiga simu naiomba sauti yake, si yako. Ni kwa sababu ya ile timu, Baba. Nimekaa na hasira hiyo miaka sita, na imenichosha kuliko kazi. Ukimnyima Njoki, hatabishana nawe, unamjua alivyo mpole. Atamaliza shule, ataenda mbali, naye pia atakuwa anampigia Mama.

Ni mimi binti yako,
Wawira