Doa Lililogoma Kufutika

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limeacha kukusumbua. Baba naye vipi, bado anabishana na redio? Mimi ni mzima kabisa, na safari hii neno hilo naliandika kwa raha zangu zote.

Unamjua Fundi Brashi, mwenye karakana ya mabango ninakochora herufi. Kwake kila doa ni rangi iliyomwagika. Mwezi uliopita nilikuwa nimeinamia bango, nikashtukia kitambaa chenye mafuta ya taa kinanisugua shingoni. Eti nimejipaka rangi nyeusi. Akasugua, akageuza kitambaa, akasugua tena, mpaka nikamuuliza kama ananichuna. Doa likagoma.

Lilikuwa jeusi tii, kingo zimetawanyika kama wino ulioangukia karatasi. Nawe unaijua ngozi yetu sisi wenye ualbino. Nilimkumbuka marehemu shangazi na saratani yake ya ngozi, nikaenda hospitali. Sikukuambia, Mama, maana usingepata usingizi.

Daktari wa ngozi alilichungulia kwa kilenzi chenye taa, akakata kipande kikapimwe. Kungoja majibu kulinikondesha. Yakaja: si saratani, ni doa la jua tu. Nililia hadi daktari akanipisha kwenye kiti chake. Kisha akanigombeza kama wewe: kofia pana, mafuta ya kukinga jua, na nirudi akaniangalie mara kwa mara.

Sasa kaa chini. Siku chache kabla ya doa, Brashi alikuwa ameniomba tuoane. Doa lilipoonekana nikamwambia asubiri, kwani sikutaka kumpa mke na msiba kwa pamoja. Akasema atasubiri. Kila nilipokwenda hospitali alikaa nje ya mlango, kofia yangu mapajani.

Asubuhi baada ya majibu niliwahi karakanani, nikaandika NDIYO kwa rangi nyekundu kwenye bango lake jipya. Akaingia, akaona rangi, akanyakua kitambaa huku akifoka ni nani kamharibia kazi. Alishafuta nusu ya neno ndipo akalisoma. Nusu iliyobaki ameipaka vanishi, anasema hiyo haifutiki tena. Nampenda, Mama, nami nina furaha isiyo kifani.

Tunakuja wote wawili kuomba baraka zenu. Mpe Baba shikamoo yangu. Nawe, kama siku hiyo utakuwa jikoni, futa masizi shavuni mapema kabla Brashi hajafika.

Ni mimi binti yako,
mwenye doa lake shingoni