Tyubu Ulizompa Saumu

Shangazi Rehema,

Shikamoo. Naanza na ugomvi, utanisamehe, kwa sababu nikianza na upole nitalia na barua haitaandikika. Saumu ameolewa. Saumu wako, yule uliyemfundisha kazi ya picha pamoja nami, ameolewa Ijumaa iliyopita na kijana wa hoteli kule Galu, na picha za hina nimepiga mimi.

Mimi, Mwanaisha, binti wa kaka yako. Nakukumbusha kwa sababu kuna siku nilidhani umesahau.

Siku hiyo ulikuwa huwezi tena kuinuka kitandani. Ulimwita Saumu, ukamwekea mkononi kile kimfuko cheusi chenye tyubu zako tatu, ukamwambia, "Hizi zako." Kisha ukanigeukia mimi ukasema, "Mwanaisha, teleka chai." Nikaenda kuteleka chai. Nililia juu ya sufuria, na ulipoionja ukasema sukari haikutosha.

Zile tyubu! Asiyezijua angecheka: mapete matupu, hayana hata kioo ndani, unayachomeka kati ya kamera na lenzi ili lenzi iweze kukisogelea kitu na bado ikione vizuri. Lakini ndizo zilizofanya mabibi harusi wa Msambweni nzima wakutafute. Kwenye picha zako mtu aliona ua la hina na mikunjo ya ngozi chini yake. Na kati yetu wanafunzi wako wawili, miaka yote hiyo mikono alipiga Saumu. Mimi ulinituma nikapige ukumbi: mapazia, sinia za halua, kina mama wakipiga vigelegele. "Wewe nenda kapige watu," ulisema. Watu wenyewe walikuwa hawajafika, nikapiga viti.

Basi harusi yake ilipokaribia, Saumu akanijia, maana bibi harusi hawezi kujipiga mikono yake mwenyewe. Akaniambia, "Njoo uchukue tyubu za Shangazi uzitumie." Za Shangazi! Shangazi wa nani? Baba yake ametokea mji wa Mackinnon Road, hatuna naye undugu hata wa kusingizia. Nikamjibu kwamba nina zangu. Sikuwa nazo. Kesho yake nikavuka feri kwenda Mombasa kununua.

Dukani kijana akanitolea aina mbili. Moja rahisi, chuma kitupu. Nyingine ina vidoti vya shaba ndani, na bei yake inauma. Karibu nichukue zile rahisi. Nikakumbuka ulivyokuwa ukimweleza Saumu, nami nikisikiliza kutoka mlangoni na ufagio mkononi: zisizo na shaba zinakata mawasiliano, kamera haiwezi tena kuiamrisha lenzi ipunguze tundu lake, na tundu likibaki wazi kabisa utapata ncha moja ya kidole inayoonekana vizuri, na mkono uliobaki ni ukungu mtupu. Maneno hayo hukuniambia mimi, niliyadokoa. Nikalipia zenye shaba. Kijana akanishauri kwamba kwa picha za mikono, kati ya zile tatu, tyubu ya urefu wa kati peke yake inatosha. Nikamwambia kazi yangu naijua.

Lakini mimi sikutaka ya kutosha, Shangazi. Nilitaka kusogea kuliko Saumu alivyowahi kusogea.

Alasiri ya hina ilifanyika kwa mama yake, Ukunda. Saumu alikuwa ameketi juu ya godoro, mikono ameilaza kwenye mito, hina bado mbichi. Nikachomeka zote tatu, fupi, ya kati na ndefu, nyuma ya lenzi ya milimita hamsini. Ikawa lenzi haioni kitu mpaka ikaribie kukigusa. Kivuli changu kikauangukia mkono, picha ikawa giza, nikasogea tena, na ukingo wa lenzi ukalifuta ua zima chini ya kidole gumba. Vigelegele vikakatika. Mpambaji wa hina akasema, "Astaghfirullah," akajishika kichwa.

Ningependa nikuambie kwamba Saumu alinitukana. Ningefurahi. Aliutazama mkono wake, akasema taratibu, "Toa ndefu, toa na fupi, bakisha ya kati. Halafu usiukalie mwanga wa dirisha." Shangazi, ilikuwa sauti yako, na ule uvivu wako wa kumalizia maneno. Kumbe hata sauti ulimwachia yeye. Nilitamani nimfute na ua la pili.

Mpambaji akapangusa palipoharibika, akachora jani mahali pa ua. Nami nikabakisha ya kati, nikahamia upande wa pili wa godoro, nikarudi nyuma kiasi cha shubiri. Mwanga ukaingia. Nikapiga.

Picha imetoka. Naisifu mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kuisifu. Jani linang'aa kwa ubichi, na kando yake, kwenye mkunjo wa kidole, kuna jasho dogo dogo, kwa sababu Saumu alikuwa akiogopa na hakumwambia mtu. Hakuna aliyeliona mle chumbani. Nililiona mimi.

Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Akaitazama sana, kisha akasema, "Shangazi angeifurahia hii." Akasema hivyo tu, kama mtu anayesema nje kuna jua, akageuka kumwomba mama yake amnyweshe maji.

Hilo ndilo lililonifanya nikuandikie. Tyubu sasa ninazo, na kazi naiweza. Kinachoniuma ni kwamba Saumu anajua ungesema nini. Hana shaka hata chembe. Mimi niliyekupikia, niliyekuogesha ulipokuwa huwezi, nilisimama na picha ile mkononi nisijue kama ungeitazama mara mbili.

Pumzika, Shangazi. Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako. Nakuahidi nitaishika kazi hii hapa Msambweni, na kila mkono utakaowekwa mbele yangu nitaupiga kwa uangalifu, hata ukiwa wa mtu nisiyempenda. Kuacha wivu sikuahidi. Bado nasubiri unisifu.

Wako,
Mwanaisha