Kijiji cha Mholanzi na Kaburi la Baba

Ibra, Oman

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo, Mama. Nakubusu mikono na kichwa. Naomba barua hii ikukute kifua kimetulia na miguu imeacha kuvimba. Mie mwili mzima, alhamdulillahi, lakini moyo sina. Barua ya Dada Zuwena ya kunijulisha kifo cha Baba ilinifika arubaini yake imeshapita. Nyinyi mmeshalia mkachoka, mie ndio naanza.

Unisamehe kwa kuchelewa kujibu. Kila nikishika kalamu, mkono hukataa. Leo nakwambia yote, hata ya kuniaibisha.

Unajua namwendesha Mholanzi mmoja, Bwana Pieter, mzee wa kupima maji ya visima. Tunakwenda Al Qabil, Bidiya, mpaka Nizwa, na njiani tunasemezana kwa Kiingereza changu cha shule. Mazungumzo yake ni kijiji chao tu. Kiko ukingoni mwa mto mkubwa, nyumba chache zimejipanga juu ya tuta la udongo walilojenga mababu zao kuzuia maji. Zama za babu yake mto ulilivunja tuta wakati wa baridi, ng'ombe wakachukuliwa, watu wakakaa darini mwa kanisa mpaka maji yalipopungua. Wakajenga tena. Baba yake alikuwa na pantoni ya kuvushia watu na mikokoteni. Vikaja vita, wakahamishwa wote. Waliporudi walikuta kuta zimeungua na pantoni imezama. Wakajenga tena. Kisha likaja daraja, pantoni ikakosa kazi.

Nilikuwa nikimsikiliza nusu nusu, macho barabarani.

Siku iliyofika barua ya Dada sikumwambia mtu, nikamwendesha kama kawaida. Karibu na Bidiya nikasimamisha gari, maana njia siioni kwa machozi.

"Nani?" akaniuliza.

"Baba."

"Ulikwenda kumwona?"

"Sikwenda."

Kisha akanisimulia lile ambalo hajapata kunisimulia. Serikali yao ilitaka kulipanua lile tuta, nyumba za juu yake zikabomolewa, na ya mama yake ilikuwamo. Bibi yule alimwandikia: njoo, nataka unishike mkono nikitoka. Yeye akajibu kuwa kazi ya visima haijaisha. Wakamhamishia mjini, ghorofani, pahala asipouona mto, na hakumaliza mwaka.

"Nina picha ya nyumba," akasema. "Nyumba sina, na mama sina."

Mama, barua kama ile nami ninayo. Baba aliniandikia kwa mkono wa Dada, macho yake yalipokuwa mazito: "Mwanangu Nassor, njoo nikuone kabla sijafungwa na kiza." Nikampelekea miwani na tende, nikaona nimeshajibu. Nikakwambieni mkubwa wangu kaninyima ruhusa. Uongo, Mama. Sikuiomba. Niliondoka Unguja mbio wakati wa mapinduzi, na nikaogopa kuiona tena mitaa ile, nikaogopa kupita mbele ya nyumba yetu ya zamani tuliyonyang'anywa nikaona wengine wamekaa barazani. Niliiweka hofu yangu mbele ya baba yangu.

Juma lililopita nilimpeleka Bwana Pieter uwanja wa ndege. Amerudi kwao, na hakuna anayemngoja. Nikamuuliza atafanya nini huko.

"Nitatembea juu ya tuta," akasema, "nitafute mlango wetu ulikuwa wapi." Kisha akanishika bega. "Wewe mama unaye. Usinifuate mimi."

Niliporudi Ibra nikenda moja kwa moja ofisini kuomba ruhusa. Nimepewa siku ile ile, hata sikuulizwa sababu. Hilo, Mama, ndilo linalonikata maini. Laiti ningeliomba mwaka jana.

Nisalimie Dada Zuwena na mumewe, na shangazi anayelala nawe siku hizi usibaki peke yako. Jirani yetu fundi cherehani, aliyemwosha Baba, mwambie Mungu amlipe. Ile ilikuwa kazi yangu.

Nakuja kabla ya Ramadhani, inshallah. Usinipikie kitu wala usialike watu. Ukiwa na hasira nami, ziweke mpaka nikae mbele yako, unitolee zote. Kisha unipeleke alipolazwa, maana mie mwanawe wa pekee wa kiume sijui hata kaburi lake liko upande gani.

Mwanao mkosefu,
Nassor