Maua ya Maharagi kwenye Mugongo wa Sahani

Butembo, tarehe 9 Juni 2024

Mupendwa yaya Virginie, dada yangu mukubwa,

Nakusalimia sana. Huko Ulaya munaamka namna gani? Baridi imeachia mifupa yako kidogo? Sisi tuko bazima, shukrani kwa Mungu. Mutoto wetu Jemima meno inamutoka, donc usingizi hakuna, mais muchana anachekea kila mutu sawa hakuna kitu alitufanya.

Message yako ilifika. Nilifurahi kusikia bakubwa ba kazi yako, batu ba kutengeneza bijiko bya argent, ile feza ya kungaa, tangu zamani za babu zao, banapenda michoro yangu ya sahani mupya za porcelaine, ule udongo mweupe. Kisha nikafika pale unasema nimekosea: maua yote ya maharagi nimeyachora chini ya sahani, na mukubwa wako anauliza nani ataangalia kule.

Nilicheka, kisha nikasikia haya. Yaya, unajua kwetu. Vumbi ya Butembo haina huruma, sahani zinalala kifudifudi kwenye étagère ya vyombo siku muzima. Uso unaonekana kidogo tu, na palepale bugali inaufunika. Nilichora sahani vile ninaionaka.

Nikashika kalamu nihamishe maua mbele. Mama alikuwa anabeba Jemima, nikamusomea swali ya mukubwa wako. Hakuwaza hata.

"Mimi," akasema. "Miaka makumi mbili naosha sahani za mapadri. Uso iko na muchuzi. Mugongo ndiyo tunajuana."

Basi nikaweka kalamu chini. Sitayahamisha. Nimeongeza kitu moja tu: kamba ya haragi inapanda kutoka nyuma, inaruka mustari wa argent kwenye ukingo, inaingia mbele na jani moja, inasimama. Mwenye kula atajiuliza inatoka wapi. Hii kazi naitaka sana, ni ya kwanza mutu kuniomba. Mais bakikataa, nakuomba kwa heshima unirudishie makaratasi yangu.

Muchoro naupatia Phinées, jirani yetu, kesho anapanda ndege kule Mavivi kuja huko Ulaya.

Shemeji yako Delphin anakusalimia, na shangazi Kavuo wa Beni pia. Mungu akulinde ku kazi na ku njia.

Mama naye anaomba: bakitengeneza hizo sahani, umuletee moja. Si lazima iwe mupya. Ukulie chakula ndani kwanza, uilete vile iko, ataiosha mwenyewe.

Ni mimi mudogo wako, mwenye kukupenda hata na usingizi kwenye macho,

Providence